Mwili ukigombana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ishara za wapenzi wakati wa ugomvi

Wapenzi wakigombana, maneno huwa machache kuliko wao wenyewe wanavyokumbuka baadaye. Mlango umebamizwa, msonyo umetoka, bega limegeuzwa, na ugomvi umeshafika katikati kabla mtu hajalitaja kosa lenyewe. Hapa yamekusanywa maswali yanayorudi mara nyingi kuhusu sehemu hiyo isiyotamkwa. Mengine yamejibiwa kwa urefu kwa sababu yana mengi ndani yake, na mengine sentensi chache zinatosha. Neno "mwenza" limetumika kwa mume, mke, mchumba au mpenzi.

Ni kweli kwamba 93% ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7% tu?

Hapana, ingawa namba hiyo imesambaa kila mahali. Chanzo chake ni majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967 na mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake. Katika moja, washiriki walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki. Katika jingine walionyeshwa picha za nyuso huku wakisikia neno moja tu, "labda". Hapo ndipo ilipotoka fomula ya 7% maneno, 38% sauti na 55% uso. Mehrabian mwenyewe ameeleza kuwa fomula hiyo inahusu jinsi tunavyokisia kama mtu anatupenda au hatupendi, basi. Ingekuwa kweli kwa mazungumzo yote, ungeweza kutazama filamu ya lugha usiyoijua na ukaelewa karibu hadithi nzima.

Mbona basi akisema "sijakasirika" siamini, naamini taya lake lililokaza?

Kwa sababu maneno huchaguliwa, na taya halichaguliwi kwa urahisi huo. Wahenga waliliona hili zamani: akufukuzaye hakwambii toka. Anayekuchoka hatangazi, ila utaona salamu imefupishwa, kiti kimesogezwa, jibu limekuja bila kichwa kugeuka.

Ila hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mwili huonyesha kwamba kuna jambo, lakini hausemi ni jambo gani. Moyo hudunda kwa hofu, kwa hasira na kwa aibu vilevile. Ndita kwenye paji la uso zinaweza kuwa ghadhabu, zinaweza kuwa mtu anafikiri, zinaweza kuwa kichwa kinamuuma tangu mchana. Kwa hiyo una haki ya kuamini kwamba taya limekaza. Huna haki ya kuamini kwamba unajua sababu kabla hujauliza.

Na kipimo chako kisiwe mchoro uliouona mtandaoni. Kipimo ni mwenza wako wa siku za kawaida. Kuna mtu mwenye sauti ya juu na mikono inayorukaruka hata akisimulia habari njema. Akianza kuongea polepole na kwa upole, hapo ndipo pa kushtuka. Kinachofaa kutazamwa ni mabadiliko: alikuwa hivi, sasa yuko hivi, tangu dakika ile nilipotaja jambo lile.

Akikunja mikono kifuani ina maana amejifunga?

Huenda anasikia baridi. Huenda kiti hakina pa kuwekea mikono. Watu wengi hukunja mikono ili kujituliza, kama mtu anayejikumbatia. Ishara moja peke yake haina thamani. Mikono iliyokunjwa pamoja na mwili uliogeuzwa, midomo iliyobanwa na majibu ya neno moja ni habari nyingine.

Ishara ipi ni mbaya kuliko zote?

Dharau. Na ndiyo ambayo watu huiona ndogo kuliko zote.

Mwanasaikolojia John Gottman, katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwenzake Robert Levenson walitumia miaka mingi wakiwarekodi wanandoa kwa video wanapojadili jambo linalowagombanisha. Wanandoa hao walivaa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na jasho la vidole, na hata viti vyao vilipimwa mtikisiko. Baadaye video zilichambuliwa sekunde kwa sekunde: nani amebinua mdomo, nani amecheka kwa kejeli, nani ameangalia pembeni. Mambo manne yalijitokeza mara kwa mara kwa wanandoa walioishia kuachana: kumshambulia mwenzako tabia yake badala ya kosa lake, dharau, kujitetea bila kusikia, na kujifunga kimya kama ukuta. Kati ya hayo, Gottman anaitaja dharau kuwa dalili kubwa zaidi ya talaka.

(Utasikia ikisemwa kwamba anaweza kutabiri talaka kwa usahihi wa zaidi ya 90%. Watafiti wengine wameikosoa namba hiyo, kwa kuwa fomula zilitengenezwa baada ya matokeo kujulikana, na kuyaeleza yaliyokwisha kutokea ni rahisi kuliko kuyatabiri. Orodha ya ishara bado ina uzito wake. Namba ichukue kwa tahadhari.)

Dharau usoni huwa ya upande mmoja: kona ya mdomo inapanda kidogo, kama tabasamu lililokatishwa njiani. Kisha kuna kuzungusha macho, kumkata mtu jicho kutoka juu hadi chini, kubinua midomo, kuguna, kuigiza sauti yake kwa kejeli. Na kusonya. Msonyo hauchukui hata sekunde moja na hauna neno hata moja ndani yake, lakini umebeba hukumu nzima: wewe si wa kujibiwa. Hasira humwambia mwenzako "umeniudhi", na mtu aliyeudhi anaweza kuomba radhi. Dharau humwambia "uko chini yangu", na hilo haliombewi radhi na aliyedharauliwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau aliyofokewa na akakumbuka msonyo kwa miaka.

Ukijikamata umefanya, usijifanye hukufanya. "Nimesonya, haikuwa sawa, endelea" inatosha.

Tukianza kugombana ananyamaza na kuwa kama gogo. Ananiadhibu?

Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi zaidi, hapana, na tofauti hii ni ya muhimu kuliko karibu kila kitu kingine katika ukurasa huu.

Kwa nje utaona mtu asiyejali. Uso hauna kitu, macho yako chini au kwenye ukuta, hatikisi kichwa, haitikii hata "mm". Anayeongea anapandisha sauti kwa sababu anahisi anazungumza na jiwe. Kumbe ndani ya jiwe hilo vipimo vinaonyesha kinyume: moyo unakimbia, adrenalini imepanda, misuli imekaza. Mtu amefurikwa, yaani hisia zimemzidi nguvu. Masikio yanasikia sauti, lakini uwezo wa kupanga maneno, kukumbuka mambo mazuri na kuona upande wa mwingine umepungua sana. Amenyamaza kwa sababu kila neno linalomjia anaona litaharibu zaidi, au hakuna neno linalomjia kabisa.

Katika wanandoa wa mke na mume aliowachunguza Gottman, waliofanya hivi walikuwa wanaume kwa takriban 85%. Lakini wanawake nao hugeuka magogo, na wapenzi wa jinsia moja pia, kwa hiyo usiifanye namba hiyo kuwa sheria.

Sasa, kununa ni kitu kingine. Anayenuna anataka uone. Anapita karibu yako na kimya chake kikubwa, anaongea vizuri na watu wengine mbele yako, anajibu simu kwa kicheko kisha anarudisha sura ya mawingu. Kuchuniana kwa siku tatu hakusababishwi na moyo kudunda. Moyo hauhitaji siku tatu ili utulie, hutulia ndani ya saa moja. Ukitaka kujua unayemtazama ni yupi, angalia muda na angalia kama kimya ni kwa kila mtu au ni kwako tu.

Nitajuaje kama aliyefurikwa ni mimi?

Pima. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukihesabu 25 au zaidi, umefika 100 kwa dakika, na huo ndio mstari ambao Gottman anautumia: juu ya hapo, mazungumzo ya maana hayapo tena. Mwanariadha ambaye moyo wake kwa kawaida hupiga polepole anaweza kufurikwa kabla ya kufika huko, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo asitegemee kipimo hiki.

Kama huwezi kupima, mwili una njia nyingine za kukuarifu. Pumzi imepanda hadi mabegani. Mikono imepoa au inatetemeka. Unarudia sentensi ileile kwa mara ya nne. Unasikia maneno yake lakini ukiambiwa uyarudie huwezi. Mimi dalili yangu ni vyombo: nikianza kuosha sufuria kwa kelele zisizo za lazima, najua nimeshavuka mstari, na watu wa nyumbani wanajua kabla yangu.

Watu wengi huja kwenye somo hili wakitaka kumsoma mwenza. Anza na mwili wako. Ndio mwili pekee ambao unaweza kuuuliza swali na ukajibiwa kweli.

Kuondoka katikati ya ugomvi si dharau?

Inategemea unavyoondoka. Kugeuza mgongo na kubamiza mlango ni ujumbe. Kusema "moyo unanienda mbio, sikusikii vizuri, nipe nusu saa halafu narudi hapahapa" ni ujumbe mwingine kabisa, hata kama miguu inaelekea mlango uleule.

Muda una sababu yake. Mwili unahitaji angalau dakika 20 ili kemikali za taharuki zipungue. Gottman na wenzake waliwahi kuwakatiza wanandoa kwa kisingizio kwamba vifaa vina hitilafu, wakawaomba wasome magazeti kwa nusu saa bila kugusia mjadala wao. Waliporudi, mapigo yalikuwa yameshuka na waliongea kama watu wengine.

Siri iko kwenye magazeti. Ukiutumia huo muda kupanga hoja utakazompiga nazo ukirudi, moyo hautashuka, maana mwili hautofautishi ugomvi wa sebuleni na ule unaoendelea kichwani. Tembea, oga, kunja nguo. Na aliyeomba muda ndiye anayerudi wa kwanza. Asiporudi, mara ya pili akiomba muda hataaminiwa, na kwa haki.

Mimi namfuata chumba hadi chumba ili tuyamalize, yeye anazidi kukimbia. Nani mwenye kosa?

Wote wawili mnacheza mchezo mmoja. Watafiti, akiwemo Andrew Christensen, wameuchunguza kwa miongo kadhaa: mmoja anadai, mwingine anajitenga, na kila hatua ya mmoja inaizaa hatua ya mwingine. Anayefuata husema "nisipomfuata hatutaongea kamwe." Anayekimbia husema "nikisimama nitavamiwa." Kila mmoja anaona anajibu tu.

Imeonekana pia kwamba mara nyingi anayedai ni yule anayetaka mabadiliko, na anayejitenga ni yule ambaye hali ilivyo inamfaa. Badilisheni mada na mnaweza kubadilishana majukumu. Kwa hiyo kabla ya kusema "wewe ndivyo ulivyo, mkimbiaji," jiulize ni lini wewe ulikimbia mara ya mwisho.

Kimwili, anayefuata ndiye mwenye uwezo wa kuvunja mzunguko haraka zaidi: simama, rudi hatua mbili, kaa chini, shusha sauti. Anayekimbia naye atoe kitu, hata kama ni saa tu: "leo baada ya watoto kulala."

Anatabasamu nikiwa nalia au nikiwa na hasira. Anafurahia?

Mara nyingi ni wasiwasi. Watu wengi hucheka wakibanwa, na hawawezi kuzuia, kama wengine wanavyocheka msibani na kujuta maisha yao yote. Tabasamu la wasiwasi huwa mdomoni tu, macho hayashiriki, na mtu anaonekana anajisikia vibaya nalo. Linalofaa kukuumiza ni lile la upande mmoja tulilolisema juu, linalokuja pamoja na kidevu kilichoinuliwa.

Machozi je? Nahisi analia ili ashinde.

Kuna watu wanaotumia machozi, sikatai. Lakini machozi ya hasira yapo, ya kuchoka yapo, na ya kushindwa kujieleza ndiyo mengi zaidi. Anayelia mara nyingi anatamani yangekauka, kwa sababu anajua hoja yake sasa itaonekana dhaifu. Usilazimike kukubali kosa kwa sababu mwenzako analia. Pia usiendelee kuongea kana kwamba halii. Nyamaza kidogo, mpe kitambaa, kisha muulize: "Niendelee au tusubiri?"

Nikimshika mkono wakati wa ugomvi, natuliza au naharibu?

Mguso una nguvu kuliko watu wanavyoupa sifa. Mwaka 2006 James Coan na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 16 walioolewa. Kila mmoja alilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku akitishiwa kwamba huenda atapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Walipoushika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoshughulika na tishio zilitulia zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Mkono wa mtu baki ulisaidia pia, ila kidogo. Na waliokuwa na ndoa nzuri zaidi ndio waliotulia zaidi.

Soma tena mpangilio wa jaribio hilo, maana jibu lako liko humo. Tishio lilitoka kwenye mashine. Mume hakuwa tishio. Katika ugomvi wenu, kwa dakika hizo, tishio linaweza kuwa wewe, na mkono uleule unaotuliza siku nyingine unaweza kuhisiwa kama kukamatwa.

Kwa hiyo usimguse kwa kushtukiza, usimguse kutoka nyuma, na usishike kifundo cha mkono au bega kwa namna ya kumzuia. Weka mkono wako mezani, kiganja juu, uuache hapo. Akitaka ataushika. Akiuondoa wake, amekujibu, na jibu hilo halihitaji mjadala. Usiutumie mguso kufunga mada pia. Kumkumbatia mtu ambaye bado anaeleza kilichomuuma ni njia laini ya kumwambia anyamaze.

Hanitazami machoni. Anadanganya?

Huwezi kujua kwa macho. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha watu zaidi ya 20,000 waliojaribu kutofautisha ukweli na uongo. Walipatia kwa 54%, ambayo ni kama kurusha sarafu na kuongeza bahati kidogo. Anayekwepa macho anaweza kuwa na aibu, anaweza kuwa anatafuta neno, anaweza kuwa amelelewa kuona kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu. Kwa watu wengi wenye usonji, kutazamana machoni kunachosha au kunaumiza hata wakiwa na furaha. Na muongo mzoefu anajua kwamba unatafuta macho, kwa hiyo atakupa.

Kuna mafunzo ya kusoma hisia zinazopita usoni kwa sehemu ya sekunde. Yanafaa?

Miondoko hiyo midogo ya uso ipo. Ilielezwa tangu miaka ya 1960 na Paul Ekman ndiye aliyeipa umaarufu. Tatizo ni matumizi. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia ushahidi mwingi na kuonyesha kuwa uso hausomeki kama kitabu: watu hukunja uso kwa hasira wakati mwingine tu, na hukunja uso kwa mambo mengine mengi. Na hebu fikiria maisha na mtu anayekuchunguza uso akitafuta ushahidi wakati unakula. Mwenza wako si mshukiwa.

Tukae vipi tukiwa na jambo gumu la kuongea?

Wote mkae, au wote mtembee. Mmoja kusimama na mwingine kukaa kunamfanya wa chini aonekane anahojiwa. Kukaa uso kwa uso na meza katikati hufanana na usaili. Pembe ya kona, ambapo magoti hayaelekeani moja kwa moja, huwapa macho pa kupumzikia. Kutembea bega kwa bega kunawasaidia hasa wale wanaoshindwa kuongea wakitazamwa.

Nafasi ya kutokea iachwe wazi. Ukikaa kati yake na mlango, hata bila kukusudia, mwili wake utajua kabla ya akili. Simu zigeuzwe uso chini au ziwekwe chumba kingine, kwa sababu jicho linaloshuka kwenye kioo katikati ya sentensi ya mtu ni msonyo wa kizazi hiki.

Na anza taratibu. Katika utafiti wa Sybil Carrère na Gottman wa mwaka 1999, wenye wanandoa wapya 124, dakika tatu za mwanzo za mjadala zilibeba dalili nyingi za jinsi ndoa itakavyokwenda. Dakika tatu ni sauti uliyoingia nayo na namna ulivyovuta kiti.

Tunagombana kwa ujumbe wa simu. Huko mwili hauhusiki, si afadhali?

Mwili haupo, lakini msomaji hujaza pengo mwenyewe, na akiwa na hasira hulijaza kwa sura mbaya. "Sawa." yenye nukta imevunja jioni nyingi. Ameusoma ujumbe na hajajibu, huo nao unasomwa kama mgongo uliogeuzwa, kumbe yuko kwenye foleni. Tumieni ujumbe kupanga saa ya kuongea. Kwa jambo lenyewe, pigeni simu, angalau sauti iwepo.

Hatugombani mbele ya watoto, tunanyamaza tu. Wanajua?

Wanajua. E. Mark Cummings, aliyechunguza watoto na ugomvi wa wazazi kwa miaka mingi, aligundua kuwa watoto husumbuliwa na hasira ya kimya pia, bila neno kutamkwa. Pia aligundua jambo la kutia moyo: watoto wanaoona mzozo ukisuluhishwa hutulia zaidi kuliko wanaouona ukibaki hewani. Kama waliona mmenuniana, basi waone pia mnapatana. Msipatanie chumbani halafu mkadhani wamesikia.

Nimwambieje nilichokiona bila kuanzisha ugomvi wa pili?

Taja ulichokiona, kisha uliza. "Nimekuona umegeukia dirishani nilipotaja pesa. Kuna kitu?" Hapo umetaja dirisha, na dirisha halina ubishi. Ukisema "unaona? Umeshaanza dharau zako," umetaja moyo wake, na moyo wake anaujua yeye. Akijibu "hapana, nimechoka tu," pokea. Hata kama huamini, pokea kwa sasa. Jambo la kweli litarudi lenyewe likiona mlango haukufungwa.

Usimwambie "tulia". Sijawahi kumwona mtu aliyetulia kwa kuambiwa.

Ni lini ishara si za ugomvi tena, ni za hatari?

Akiziba mlango. Akipiga ukuta au kuvunja vitu karibu nawe. Akikubana kwenye kona, akikunyang'anya simu, akiinua mkono kisha akasema alikuwa anatania. Akikushika shingo, hata mara moja, hata bila kuacha alama: kukabwa na mwenza ni miongoni mwa dalili kubwa kabisa kwamba maisha yako hatarini.

Angalia na mwili wako. Kama unanywea ukisikia funguo mlangoni, kama umejifunza kusoma nyayo zake ili ujue usiku utakuwaje, ustadi huo wa kusoma ishara umezaliwa na hofu, na hakuna ushauri wa pembe za viti unaokuhusu. Usijaribu kumtuliza kwa mbinu za ukurasa huu. Toka kwanza, ukiweza bila kutangaza, nenda kwa mtu unayemwamini, na tafuta msaada wa huduma za dharura au za waathirika wa ukatili mahali ulipo.

Nitajuaje kwamba ugomvi unaelekea kuisha?

Mabega hushuka. Mmoja anashusha pumzi ndefu na mwingine bila kujua anashusha yake. Mtu anatikisa kichwa mwenzake akiongea, anaitikia "mm", anaingiza utani mdogo ambao dakika kumi zilizopita ungekuwa kosa la pili. Gottman aliona kwamba wanandoa waliodumu walikuwa na wastani wa mambo matano mazuri kwa kila baya moja hata wakiwa katikati ya mzozo, na mengi ya hayo mazuri ni madogo hivyo hivyo: kuitikia, kutazama, kucheka kidogo.

Hatari ya hapa ni kutoona. Mwenza anasogeza glasi ya maji upande wako, wewe bado unamalizia hoja ya tatu. Hiyo glasi ilikuwa msamaha wake wa kwanza, na pengine ndio pekee anaoujua kuuomba.

Tunalala tumepeana migongo. Ndio mwisho wetu?

Wengi hulala hivyo kwa sababu ndivyo wanavyopata usingizi, na waliwahi kulala hivyo hata wakiwa na furaha. Kama kwenu ni jambo jipya, lichukulie kama ishara nyingine yoyote: liulizeni asubuhi, si saa nane za usiku. Na kabla ya kuamua kwamba amekupa mgongo, nyoosha mguu taratibu uone kama atauondoa wake.